Shahidi wa Plasta

Fundi Mushagalusa alipaka plasta juu ya ufa,
kipande kimoja, upana wa kiganja,
akaandika kwa msumari: tarehe nane Novemba.
"Huyu anaitwa shahidi," akasema.
"Akipasuka, mama, usilale ndani."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi niliziba. Nikajenga na ukuta.
Mvua ya Mushununu haikuwasikia wahenga.

Mwaka ule kiwanja kilikuwa na miguu:
asubuhi dola elfu nane,
saa ya bugali elfu kumi na moja,
na ukisema "ngoja nimuulize mume wangu"
unarudi unakuta kimeshaolewa.
Tulinunua mteremko kama tununuavyo sambaza,
kwa fungu, bila kugeuza wa chini.

Mikaratusi ilikatwa ikaisha kwa wiki mbili.
Niliiona ikishuka na malori,
nikafurahi: sasa ziwa litaonekana dirishani.
Ziwa linaonekana. Hilo siwezi kulikana.

Basi, nani?

Dalali Zihindula, yule wa viatu vyeupe
kwenye udongo mwekundu, amehamia Uvira,
na simu yake haipatikani hata usiku.
Muuzaji anasema aliuza ardhi, hakuuza mvua.
Karani wa kadastri alipiga mihuri mitatu
kwa watu watatu, kiwanja kimoja;
mimi ndiye niliyeshinda,
wenzangu wawili walijiondoa walipoona kinavyoteleza.
Benki inasema mkopo hauna mteremko:
ulisainiwa mezani, na meza ilikuwa sawa.
Meya wa wakati ule si meya wa sasa,
na meya wa sasa hakuwepo wakati ule.
Mchungaji anasema ni mapenzi ya Mungu,
ila alisema polepole,
maana kanisa lake nalo limo kwenye mstari wa ufa.
Shemeji yangu anasema, "Macho ulikuwa nayo."

Nilikuwa nayo.

Kuna jambo sijamwambia fundi.
Ile nyumba ya chini yangu, yenye bati la kijani,
ni ya Cibalonza, niliyeuza naye vitenge
soko la Nyamugo miaka tisa, meza moja, mwavuli mmoja.
Ni mimi niliyemleta.
Nilimshika mkono nikamwonyesha ziwa,
nikasema, "Bei ya leo si ya kesho, dada,"
maneno ya Zihindula, kinywa changu.
Jioni ile dalali alinipa bahasha: dola mia mbili.
Nikanunua mlango wa mbele, mbao nzito, kitasa cha shaba.
Ndio huu ambao sasa hauingii kwenye fremu,
unaokwaruza sakafu kila ninapoufunga.

Cibalonza hunipungia mkono akianika nguo.
Ukuta wangu unamwinamia
kama mtu anayetaka kunong'ona kitu.

Juma lililopita wenye nyumba tuliandika mashtaka.
Majina tisa, wino wa bluu.
Zamu yangu ilipofika niliisoma orodha,
nikahesabu tena kwa kidole, tisa,
nikasaini.

Leo inanyesha tangu saa moja jioni.
Nimeshika tochi ya simu mbele ya plasta.
Namba nane bado nzima. Neno Novemba bado zima.
Hapana. Pale kwenye herufi ya tatu, unywele.
Labda ni msumari wa fundi uliteleza.
Labda.

Navaa koti. Hati naiacha kabatini.
Nautoa mlango kwa bega,
nashuka ngazi za udongo kwenda kubisha kwa Cibalonza,
na kila ngazi najaribu sentensi ya kwanza,
na kila ngazi inaniteleza.