Kadi Mbili, Jino Moja

Ijumaa saa kumi ndio mwisho,
kasema Bi. Dzame wa ofisi ya wafanyakazi.
Na Ijumaa saa kumi ndio mwisho,
kasema karani wa chuo pale Tudor,
kama kwamba walikutana usiku
wakanitegea mtego wa mdomo mmoja.

Nimezitandaza fomu mezani, Bombolulu.
Feni inazipepea, nazibana,
hii kwa kikombe, ile kwa kopo la chumvi.
Kushoto, bima ya kazini:
hospitali zenye lifti,
miwani kila mwaka wa pili,
meno, hebu lione neno hilo, meno!
hadi shilingi elfu kumi na tano
baada ya kusubiri miezi sita.
Elfu mbili na mia nne watazikata
kabla mshahara haujanusa akaunti yangu.

Kulia, bima ya chuo:
imo ndani ya karo, utake usitake,
ila ulete ushahidi kwamba unayo nyingine.
Zahanati iko nyuma ya maktaba.
Daktari huja Jumanne na Alhamisi,
siku zilizobaki yupo Nesi Mwanamvua
na panadol zake, na maneno yake mazuri.
Meno hayamo.
Nimesoma mara tatu, hata yale maandishi ya chini
madogo kama mayai ya chawa.
Kwa chuo, mwanafunzi wa uzamili
ni kiumbe asiyetafuna.

"Mshika mbili," kaka yangu kaniambia kwenye simu,
"moja humponyoka."
Nikamjibu, mimi mkono wa pili sina,
umeshika shavu.

Nikapiga hesabu nyuma ya sura ya tatu
ya tasnifu ambayo msimamizi ameirudisha
imechanjwa wino mwekundu kila ukurasa.
Mkataba wa kazi unakwisha Machi.
Tasnifu, Mungu akipenda, Septemba.
Kati ya Machi na Septemba
ni miezi ya kutougua.
Nikibaki na chuo, naweza hata kumwambia
yule bosi wa Shimanzi
kontena zake azihesabu mwenyewe.
Nikibaki na kazi, nalinunua jino langu
kwa kila "ndiyo bwana" nitakayoitoa hadi Machi.

Na mama? Nikatafuta.
Fomu ya kushoto ina mume na watoto wanne.
Fomu ya kulia ina mimi tu.
Mume sina. Watoto wanne, sijamwota hata mmoja.
Lakini kile kisanduku cha mume ni kipana,
mama yangu alivyo mwembamba angeenea humo
na sukari yake, na sindano zake, na doti ya kanga juu.
Nikaandika: Mwanatumu Bakari.
Bi. Dzame akacheka hadi akavua miwani,
kisha akanyamaza,
akanisogezea fomu mpya.
"Na mimi nilijaribu," akasema.

Alhamisi nikachagua ya kazini.
Si kwa hekima.
Jino liliamka saa nane za usiku
likapiga kura.

Sasa chuo hakirudishi pesa bila kuiona kadi,
na kadi inachapishwa Nairobi, wiki tatu,
na chuo kwenye daftari lao wamekwisha nifuta.
Kwa hiyo wiki tatu sina huku wala kule.
Navuka barabara pale Makupa
kama niliyejitwika trei ya mayai,
naogopa pikipiki, naogopa ganda la ndizi,
naogopa samaki mwenye miba.

Mama kaniagiza nitafute karafuu.
Nimeipata Marikiti, ya shilingi kumi,
na muuzaji hakuniuliza namba ya uanachama.
Nimeibana pale panapouma.
Inawasha.
Miezi sita, walisema. Leo ni siku ya tisa.