Nipe Mji

Munich, Novemba, mwaka wa sabini na moja.
Hita ya chumba cha tatu inakohoa.
Jaji Roswitha Kettler ana uzi mezani,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
wa pembe tatu, na ndani una tundu.

Wakili wa wapinzani, Bwana Haubrich, ana karatasi mbili.
Ya kwanza: nailoni ya pembe tatu, ili ing'ae.
Ya pili: poliesta iliyo tupu ndani, ili itunze joto.
Anazibandika moja juu ya nyingine, anaziinua dirishani.
"Mheshimiwa, jumlisha tu. Hata mwanagenzi angeona."

Hata mwanagenzi.
Sheria imemuumba mtu huyo, fundi wa kawaida:
amesoma kila kitu, hajawahi kuota chochote.
Akili ni nywele, lakini huyu amenyolewa,
na kipara chake ndicho kipimo.

Kettler anamtafuta katika daftari la maabara ya Krefeld.
Anamkuta Ottokar Brämswig badala yake,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua:
"Umekatika. Umekatika. Tundu limeziba.
Umekatika, nimemfokea Liesel bure."
Kisha, Machi tarehe tisa, bila hata alama ya mshangao:
"Nimepoza polepole, kwa mvuke. Umeshika."

Vitabu vyote vilisema: poza haraka.

"Mvuke ni mvuke," asema Haubrich. "Ni rahisi."
Kweli, ni rahisi. Hilo ndilo linalomkera jaji.
Tangu asubuhi anajaribu kusahau,
na kusahau ni kazi kuliko kujua:
jibu likishaingia masikioni
kila mtu alikuwa nalo ulimini.

Mama yake alisokota pamba Augsburg miaka thelathini.
Yeye angeuviringisha uzi huu kidoleni, aulambe, akae kimya.
Kettler anauviringisha. Haulambi; watu wanatazama.

"Bwana Haubrich, karatasi hizi zimelala kabati moja
miaka kumi na mmoja. Kiwandani kwenu mna wakemia mia mbili.
Nani aliwazuia kujumlisha?"

Wakili anapanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.

Kitendawili kilitegwa.
Mlikaa miaka yote hiyo, hamkutegua, hamkutoa mji,
na leo kimeteguliwa mnasema hakikuwa kitendawili.

Hataandika hivyo. Hukumu haina nafasi ya mafumbo.
Ataandika mvuke, nyuzi za joto, aya ya nne.
Lakini mji ni wa Brämswig, kwa miaka kumi na minane,
kisha utakuwa wa kila mtu,
na kila mtu ataapa alizaliwa humo.