Sahani Arobaini na Tatu

Hawakumpamba kwa jina. Drateru:
kwa Kilugbara, kifo kinangoja.
Mama yake alikwisha zika watatu,
akaona afadhali kusema mapema.
Basi kifo kikangoja. Miaka sitini na minane,
na mingine, nadhani, kilikaa meza ya pembeni
karibu na jenereta, kikila angara na ugali wa mtama
kwa mkopo, kama sisi.

Ukutani paliandikwa KULA NA DRATERU.
Mvua ya Agosti ikala jina, ikaacha KULA NA,
nasi tukamalizia kila mtu kwa njaa yake:
kula na ngoma, kula na adui yako,
kula na ulipe.

Nilifika Arua kutoka Ariwara kwa miguu,
viatu shingoni, gitaa la besi mgongoni,
nyuzi tatu, ya nne imebaki kwa mkopeshaji.
Alinitazama kama mtu anayepima unga.
"Wapiga nini, na wala kiasi gani?"
Besi, nikasema.
"Wapiga besi hula sana," akasema,
akafungua daftari.

Jumamosi, meza zilisukumwa ukutani saa mbili.
Watu wa Oli walikuja, wa Ediofe wakaja na koti za kanisani,
madereva wa malori ya Juba, walimu wasiolipwa.
Obitre, mwimbaji wetu mfupi,
alisimama juu ya sufuria la maharagwe lililofudikizwa
ili wa nyuma wamwone.
Stima ikikatika, na ilikatika,
gitaa zikafa mikononi mwetu kama kuku,
lakini kutoka jikoni, gizani, mwiko juu ya karai:
ta, ta-ta, ta.
Alitushikia mahali.
Jenereta likikohoa likawaka
tulijikuta pale pale tulipoachia,
hakuna mguu uliopotea.

Yeye hakucheza. Sijawahi kumwona.
Mlangoni pa jiko, mkono kiunoni,
kidole gumba tu ndani ya ndala
kikipanda, kikishuka.

Msinitake niseme alikuwa malaika.
Alitulipa Jumanne mshahara wa Jumamosi.
Alimfukuza mpiga ngoma kwa sababu ya kitunguu.
Lakini usiku ule askari alipomshika mhudumu kiuno
alikata wimbo katikati, akavuka ukumbi,
akamwambia, "Weka bunduki yako mezani,
nami niweke mwiko, tuone nani atakula kesho."
Hakuna aliyecheka.
Askari akalipa soda yake. Akaomba radhi kwa msichana, kwa jina.

Alikufa mwezi wa mvua, usingizini,
daftari chini ya mto.
Hakufuta deni la mtu. Wanaosema alisamehe hawakumjua.
Bintiye, Ezaru, aliketi matangani na jalada lile la kijani,
akasoma bila kupandisha sauti,
na watu wazima wakainuka mmoja mmoja:
mkuu wa shule, chai na chapati za muhula mzima;
fundi wa redio; padri mstaafu, supu sita.
Jeneza lililipwa hivyo, na turubai, na lori la viti.

"Besi," akasoma. "Sahani arobaini na tatu.
Uzi mmoja wa gitaa. Miwani ya mteja, iliyokaliwa."

Ule uzi wa nne. Nilikuwa nimesahau
nani aliukomboa.

Nikahesabu noti. Ezaru akazihesabu tena,
akanirudishia mia tano, akachora mstari kwa rula.
Mkono wa mama yake kabisa.

Kisha tukapewa chakula.
Chumvi ilizidi, ugali ulikuwa na mabonge.
Tulitazamana, mimi na Obitre,
tukageuza macho kwenye mlango wa jiko
tukingoja mtu atoke pale awatimue wote.

Tukangoja.
Tukala.