Tano Ipi?

Mkomani, nyumba ya tatu baada ya wikio,
Bi Khairati alinipokea na mashitaka yake tayari:
"Twalibu kaniletea ruta kutoka Maskati,
ya kizazi cha sita, risiti hii hapa.
Kwenye simu ya mjukuu yaja majina mawili,
moja tupu, moja lina tano mkiani.
Kwangu laja moja tu, lile tupu.
Sita imekuwaje tano?
Na hiyo tano mbona naibiwa?"

Nilicheka, kisha nikaona haya.
Mwaka wangu wa kwanza kazini
niliwauzia watu tano
nami sijui ni tano ipi.

Sita ni kizazi, Bi Khairati,
ni adabu ya mazungumzo:
nani aseme, nani angoje,
maneno mangapi yaingie katika pumzi moja.
Tano ya mkiani ni masafa,
ni sauti yenyewe, nyembamba, ya kasi.
Mbili nukta nne ndiyo nene.
Kizazi cha sita kinazimudu zote mbili.
Na ile 5G ya bango la gatini
ni ya mnara wa simu, haimo humu;
wamefanana majina tu,
kama kina Athmani wawili wa mtaa huu
wanaoletewa barua za kesi zisizo zao.

"Basi nipe tano. Si ndiyo ya mbio?"

Ruta ilikaa sabuleni, ndani ya kidaka,
kati ya sahani ya Kichina yenye ufa
na saa iliyokufa saa nne na robo.
Pale, kwenye simu yangu, tano ilitiririka.
Tukashuka ngazi: msanani ikapungua.
Tukaingia ndani, chumba cha mwisho,
alikozaliwa yeye, na mamake kabla yake:
kimya.
Nikaupiga ukuta kofi.
Dhiraa nzima ya matumbawe na chokaa,
umejengwa kuzuia jua na macho ya wapita njia,
na, bila kukusudia,
gigahezi tano.

Nene ikapenya, ikihema.
Nayo ina kero: majirani wote wamo humo humo,
na maikrowevu ya Omari Shee ikianza kuzunguka
picha huganda kama samli asubuhi ya kusi.

Simu yake ni kizazi cha nne,
kioo kimefungwa utepe,
masikio yake ni ya sauti nene tu.
Ruta mpya haikumdharau mkongwe;
iliitikia salamu kwa lugha aliyoijua.

Uso wa Twalibu ukajitokeza vipande vipande,
kidevu kwanza.
"Mama, umeunganishwa kwenye tano?"
"Tano ni ya wenye sabule," akamjibu.
"Mimi niko ndani. Sema."

Malipo yangu yalinikuta kichochoroni,
chini ya wikio, simu ikitetemeka mfukoni:
yalipitia mnara,
njia isiyohusiana hata chembe
na yote niliyokuwa nikieleza.