Kitanda cha Tano kwa Sita

Weka simu kwenye meza,
redio nayo punguza,
lipo neno naliwaza,
keti hapa, Sikudhani.

Baba yako si msomi,
jina langu halivumi,
ila miaka makumi
nachonga Keko, juani.

Nimechonga makabati,
meza, vitanda na viti,
kwa wa sarafu na noti
nimeingiza nyumbani.

Fundi kitanda huunga,
chumbani ndimo hupanga,
hukuta mengi ya kunga
yasosemwa barazani.

Mbezi nilikopeleka
sita kwa sita, chawaka,
mwaka haukukatika
bwana hulala kochini.

Nilirudia bawaba,
naona shuka za baba,
kwenye friji mna shiba,
hakuna neno vinywani.

Kwa Havijawa, Tandika,
benchi moja alitaka,
senti kidogo kaweka
kwa miezi, kibubuni.

Benchi lile, nakwambia,
wanawe hulikalia,
hesabu wakifanyia,
mama yupo karaini.

Wakicheka, husikika,
bati likatikisika,
mimi nami nikacheka,
sijui cha mno nini.

Sasa harusi ya kwako:
kadi, kamati, mwaliko,
keki ya ghorofa iko,
fedha zote ni za deni.

Sikatai ufurahi,
ngoma hadi asubuhi,
ila deni halistahi,
huja hata fungateni.

Keki huliwa usiku,
makombo hupewa kuku,
mkopo huishi huku,
katikati kitandani.

Utasema: "Watanena."
Watanena, hata sana,
Jumatatu watakuna
vichwa vyao kwa madeni.

Mamako nilimuoa,
suti kaka alitoa,
kitanda, nikaokoa
vipande karakanani.

Mguu huu mninga,
ule mnazi wa Tanga,
kiliyumba, nikaunga,
kigae kikawa chini.

Humo wewe ukazawa,
usiku wa homa, dawa,
tukagombana, tukawa
wamoja asubuhini.

Usinione nabii.
Nilikopa kwa bidii
nipate luninga hii,
randa ikenda rehani.

Wiki tatu sikuranda,
natazama, ninakonda,
mchicha mama kapanda,
kaikomboa mwishoni.

Nyuma napiga msasa
kabati, japo kabisa
hainiongezi pesa,
mgongo u ukutani.

Mteja hatatazama,
mende ndio watasema,
mkono wangu wapima
umefanyaje gizani.

Nawe wodini Temeke
mgonjwa usimcheke,
wala chai usiteke
mfukoni mwa maskini.

Naye Kondo, mume wako:
mshahara wake, wako,
uwekwe wazi, si mwiko,
daftari liwe mezani.

Pangeni chumba cha Yombo,
ghorofa lina mafumbo,
kodi isile matumbo
ya wanenu wa usoni.

Mama mkwe akifika,
simu iache kushika,
chai kavu, mkicheka,
yashinda na biriani.

Jirani akifiliwa,
pesa ya simu si dawa,
sahani zilizoliwa
kaoshe nawe uani.

Kitanda chako ki huku,
nakichonga kila siku,
hakina mbwembwe za chuku,
tano kwa sita, si duni.

Msumari sikutia,
ulimi umeingia,
tundu likaupokea,
hushikana bila kani.

Kikilia siku moja,
usinunue, we ngoja,
kishikeni kwa pamoja,
mkikaze maungoni.

Basi. Washa simu yako,
wakusubiri wenzako,
nami nirudie Keko,
gundi yaganda koponi.