Mstari wa Tatu

Kwa Nkwimba hakuna kiti.
Unasimama, kiwiko juu ya kaunta ya mninga,
na mapipa matatu yamelala ukutani kama viboko walioshiba,
yakitoa jasho jeusi puani.
Ni mtaa wa nyuma, Kirumba: mlango mmoja,
harufu ya zabibu,
na upepo ukigeuka, harufu ya mwaloni.

Miaka kumi na mmoja aliosha bilauri huko Malaga,
mji wa Wahispania ulioinamia maji ya chumvi,
kwa bibi mmoja mkali, mwenye masharubu kidogo,
aliyemfundisha mambo mawili:
mimina kidogo, sindikiza kwa kidogo;
na deni la mtu liandike mbele ya macho yake.

Zabibu zake za Dodoma huja na basi la usiku.
Huzianika darini, akipigana na kunguru,
mpaka zikunjamane kama vidole vya aliyefua siku nzima.
Ndipo huzikamua. Ndipo hungoja.
Ukimuuliza anangoja nini, hukwambia:
Wewe kunywa cha mwaka juzi.

"Sahani gani hii?" hulalama Mhoja, dereva wa lori la barafu.
"Furu watatu, ndimu nusu!
Mtu anakula, au anaonyeshwa?"
Naye, bila kugeuka: "Ugali uko kwa mkeo."
Tunacheka. Mhoja anatafuna furu na vichwa vyao,
kisha anaagiza tena:
sangara wa kitunguu saumu, vipande vinne,
firigisi mbili kwenye kijiti,
na matobolwa, ndiyo, matobolwa yale yale ya bibi zetu,
yamepakwa karanga,
ambayo na mvinyo mweusi huelewana
kama mashahidi waliopangana nje ya mahakama.

Mimi nina sukari. Daktari wa Bugando
alinichorea kongosho, akalipiga msalaba.
Kwa hiyo huja Ijumaa moja kwa mwezi,
bilauri moja, urefu wa kidole gumba,
na nusu saa nzima nainusa tu.
Halafu ncha ya ulimi.
Kwanza moshi. Kisha tini
(sijawahi kula tini, lakini Nkwimba amesema ni tini,
nami namwamini),
kisha asali ya nyuki wadogo, ile tuliyoifukua kwa kijiti
mbuzi wakiingia shamba la watu,
na fimbo iliyotungoja nyumbani.
Fimbo nayo imo. Iko mwishoni kabisa.

Ijumaa hii nilikunywa tatu.
Tulitoka kumzika Lubango,
karani mwenzangu wa mizani.

Kila bilauri, Nkwimba alichora mstari mbele yangu
juu ya mbao.
Chaki naijua. Miaka thelathini ghalani
niliandika uzito wa pamba juu ya magunia,
Lubango akisoma mizani kwa sauti,
na mkulima amesimama, kofia mkononi,
akiitazama midomo yetu
kwa kuwa tarakimu hazikumjua.
Kilo mbili hazifutwi kwa rungu.
Hufutwa kwa kidole, hiki,
ukijifanya unapangusa vumbi.

"Baba, leo mmezika," akasema Nkwimba.
Akalowesha kidole kwa ulimi,
akaufuta mstari wa tatu.

Sikutegemea mkono wangu ungekuwa mwepesi vile.
Nilikidaka kile kidole kikiwa bado kyeupe.
Nikasema, Urudishe.
Akacheka, akamtazama Mhoja, akadhani ni kilevi.
Nikasema, Andika, binti yangu. Andika nione.

Chaki ikalia juu ya mninga.
Mhoja akaacha kutafuna.
Nikatoa noti, nikazihesabu mara mbili,
kwa sauti,
kama mtu anayesomewa.