Nguzo ya Jumanne

Hidaya alipokuja likizo kutoka Dodoma
alinishika kiuno kama anayepima gunia,
akachukua simu yangu, akaipandikiza programu.
Ikaniuliza umri. Nikapunguza miwili.
Ikaniuliza uzito. Nikamtazama Shekue,
naye akatazama dari.

Tangu siku hiyo adhana hunikuta njiani,
raba za mwanangu miguuni, kanga juu ya suruali,
mimi, mwalimu wa hesabu, darasa la sita, Chumbageni.
Natoka Barabara ya Kumi na Tano
nazitoa moja moja, kama mtoto anayejifunza kutoa:
kumi na nne,
kumi na tatu, mbwa wa fundi cherehani,
kumi na mbili, harufu ya mkate wa sinia,
kumi na moja, na hapo pumzi hukata.
Natembea kidogo. Naona haya. Nakimbia tena.
Navuka reli, nashika njia ya Raskazone,
napita geti la Bombo bila kulitazama.

Shekue hunifuata na baiskeli, polepole,
kikapu kikigongagonga, eti ananilinda.
“Leo umechoma ngapi?”
“Mia mbili na kumi na mbili.”
“Moto huo ungeivisha maharage?”

Kitumbua cha Mama Mwanakheri hakimo katika orodha yao.
Mikate ipo ya aina arobaini, hata ya shayiri;
kitumbua hakuna.
Nilikiandika “mkate, mdogo, wa duara”
na dhambi ikapungua nusu.

Jumanne, baada ya adhuhuri,
Shekue aliegemeza baiskeli ukutani,
akashika tumbo, akakaa chini pale pale
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Benchi hadi bomba la maji: hatua thelathini na moja.
Bomba hadi benchi: thelathini na tatu.
Sijui kwa nini kurudi kulizidi.
Mlango wa upasuaji una kioo cha ukungu,
na nyuma yake vivuli vya kijani
vinainama, vinainuka, havisemi.
Thelathini na moja. Thelathini na tatu.
Muuguzi akaniambia, “Mama, keti.”
Niliketi. Miguu ikainuka bila mimi.

Saa mbili usiku simu ikatetemeka
ndani ya fundo la kanga:
HONGERA! UMEVUKA LENGO LAKO LA LEO!
Fataki ndogo za rangi zikapasuka kiooni,
nyekundu, njano, nyekundu.
Nikazifunika kwa kiganja kama mwizi,
maana kijana wa benchi la pili
alikuwa analia.

Alfajiri daktari akatoka, barakoa kidevuni.
“Bado yupo,” akasema. “Tusubiri.”
Sikumwuliza hesabu.

Getini mwanamke alikuwa anapanga vitumbua katika beseni.
Nikala vinne, nimesimama, mafuta yakinitiririka mkononi.
Simu ikauliza: Umekula nini asubuhi hii?
Nikaiacha iulize.

Kwenye ukurasa wake siku saba zimesimama kama nguzo,
sita fupi, zinazofanana,
na Jumanne peke yake imegusa paa:
hatua elfu kumi na tisa,
kalori mia tisa na arobaini.

Ujumbe wa Hidaya ukaingia, na ngumi ya njano mbele yake:
“Mama! Jana ulikimbilia wapi, Pangani?
Umenishinda hata mimi. Mwambie Baba akununulie raba mpya!”

Nikaandika: Baba yako
Nikafuta.
Nikaandika: Asante, mwanangu.
Nikafuta hiyo pia.

Nikapiga.
“Mama, mbona unahema? Bado unakimbia?”
“Hapana. Nimesimama.”
Nyuma yake nilisikia maji yakichemka, redio, kijiko kikombeni,
asubuhi nzima ya mtu asiyejua.
“Hidaya,” nikamwambia,
“zima jiko kwanza.
Halafu ukae chini.”